Ungepanga, Mama Athumani

Mejumaa mwanangu,

Barua huanza kwa kuulizana hali, lakini hali yako naijua. Umetoka hapa sasa hivi, umejitanda mtandio wangu bila kuomba, umekwenda Makorora kumuaga shangazi yako. Hali yangu utaiona ukirudi. Nimekasirika. Si nawe. Nimekasirika tangu jana alasiri, na mimi nikikasirika, unajua, huwa nafua. Lakini leo nguo zimekwisha, nimefua hata fulana ya kaka yako ambayo haikuwa chafu. Kwa hiyo naandika.

Baba yako yupo uani na koleo lake, anatengeneza gurudumu la sanduku lako. Anasema sanduku ni baiskeli iliyokosa bahati. Mwache. Ndivyo anavyokuaga.

Sitakuandikia habari za sweta. Huko milimani kuna baridi, na mtu mzima akisikia baridi hujifunika. Habari za wanaume ameshakwambia shangazi yako, au anakwambia saa hii, na anazijua kunishinda. Habari za chakula hazina maana. Utakula makande mpaka utakumbuka samaki, basi. Nakuandikia juu ya lile uliloniuliza jana nami nisikujibu.

Ulikuwa umeketi kwenye kizingiti cha jiko. Mimi niko juu ya mbuzi nakuna nazi. Ukanisomea mkataba wako wa kazi kwa sauti ya mtu anayetangaza harusi: muuguzi, mshahara, nyumba ya wafanyakazi, matibabu. Mara sauti ikashuka. Ukasoma kwamba muuguzi hatatoa wala hatapendekeza njia za kisasa za uzazi wa mpango kwa mgonjwa yeyote, awe kazini au nje ya kazi; atafundisha njia za asili tu. Ukasoma tena kwamba hospitali itamtibu mfanyakazi kila ugonjwa, isipokuwa huduma hizo, kwa sababu zinapingana na imani ya mwajiri.

Ukainua uso. "Mama, nisaini?"

Nami nikakwambia, "Nipe chujio."

Hilo halikuwa jibu, najua. Jibu ni hili, na ni refu, kwa hiyo kaa vizuri kwenye kiti chako cha basi.

Unajua kwamba zamani nilikuwa mfuaji katika hospitali ya misheni. Jina lake unalijua, sina haja ya kulipa wino. Unajua pia kwamba mimi na baba yako tuna watoto wawili tu, wewe na Athumani, na hapa Pongwe watu huniuliza kama wa tatu hutozwa faini. Nilikwambia niliugua. Sikukudanganya, ila nilikukatia pindo la nguo nikabaki na nguo yenyewe.

Nisiwadhulumu wale watu. Hospitali yao ilikuwa safi na mshahara ulikuja. Mfanyakazi alitibiwa bure, yeye na mumewe na watoto. Jino bure, ngiri bure, miwani bure. Kulikuwa na dereva wa gari la wagonjwa, mwanamume mzuri wa sura, kila akirudi safari ya mbali alirudi na kaswende. Alichomwa sindano, akapewa pole, wala hakuna aliyemuuliza ameitoa kwa nani. Imani ya mwajiri haikupingana na kaswende.

Kwa mwanamke palikuwa na jambo moja tu lisilotibika pale, nalo ni kupumzika kuzaa. Vidonge hapana, sindano hapana, kijiti hapana, kitanzi usikitaje. Na ukienda kutafuta kwingine ukajulikana, unaitwa ofisini kuzungumza juu ya roho ya taasisi. Mimi sikujua kama taasisi ina roho. Nilijua ina lango na mlinzi.

Halafu mimi si wa dini yao, Mejumaa. Nilikuwa naswali alfajiri, nafika pale nanyonga mashuka mpaka jioni, sikupata kuingia kanisani hata kwa bahati mbaya. Hawakunilazimisha kitu. Nilibaki Mwislamu kama nilivyozaliwa. Tumbo langu tu ndilo lililobatizwa.

Kaka yako alizaliwa kwa kupasuliwa. Siku ya kutoa nyuzi, Dokta akaniambia kidonda cha ndani hakikushika vizuri, kizazi kipumzike sana, nikishika mimba upesi kinaweza kupasuka. Nikamuuliza, "Sasa nifanye nini, Dokta?"

Akautazama mlango. Mlango ulikuwa umefungwa, lakini aliutazama. Kisha akasema polepole, "Mama Athumani, mjini kuna kliniki ya serikali. Ila mimi sijakwambia."

Mtu mwenye elimu yake, aliyenifungua tumbo kwa mkono wake asitetemeke, anaogopa ubao wenye bawaba. Nilimhurumia siku ile. Leo simhurumii.

Basi nikarudi kazini na maneno ya Dokta, sikuwaambia watu. Kabla sijaamua la kufanya, tukaitwa wanawake wote wa kufulia na wa jikoni kwenye semina. Palikuwa na Sista kijana, ametoka kusomeshwa, ana uso mkunjufu kama maandazi. Hakuwa mtu mbaya. Hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo, maana mtu mbaya ningemwapiza nikalala usingizi. Akatugawia shanga.

Wewe umezisomea chuoni, unazijua. Kamba ya shanga, kila shanga ni siku. Nyekundu ni siku ya kuona damu, kahawia ni siku za salama, nyeupe ni siku za kushika mimba. Kuna kipete cha mpira, unakisogeza shanga moja kila asubuhi, hivyo unajua upo wapi. Zile nyeupe zilitengenezwa zing'ae gizani, ili hata taa ikizimwa mtu aone kwamba leo kuna hatari.

Nikazipima mkononi. Nikauliza, kwa nia safi kabisa, "Sista, hizi zinavaliwa wapi?"

Akacheka mpaka akashika meza. "Hazivaliwi, mama! Zinatundikwa ukutani." Wenzangu nao wakacheka, maana mkubwa akicheka, kicheko ni sehemu ya kazi.

Ukutani. Nami na baba yako wakati ule tulikuwa na chumba kimoja Makorora, katika nyumba ya mavyaa yangu, bibi yako, Mungu amrehemu. Bibi yako alizikagua kuta zake kama askari wa forodha. Ningetundika kitu chenye rangi, angeuliza ni nini. Ningemwambia, angeuliza nani amenituma nimfungie mwanawe watoto. Na kabla ya magharibi jambo lingekuwa limefika msikitini. Ningezificha sandukuni, ningesahau kusogeza kipete, maana sanduku lilikuwa uvunguni mwa kitanda chake.

Sasa nikuulize wewe uliyesoma. Mwanamke wa Tanga kitu chake cha siri, kitu cha shanga, anakiweka wapi? Tangu somo wangu, kungwi aliyenifunda, aliponifunga shanga za kwanza, hakuna mkono uliopita chini ya leso yangu ila wa mume wangu. Kiuno changu ndicho ukuta pekee niliokuwa nao. Nikaunga zile shanga kwenye uzi wangu wa zamani, nikazivaa. Na kila asubuhi, nikiwa bafuni, nilisogeza kipete kwa uaminifu kuliko mtu anayelisha kuku.

Baba yako nilimweleza. Nilimketisha nikamwambia, "Hizi si za mchezo. Hizi ni kalenda."

Akanitazama. "Shanga zisizochezewa ni za nini?"

"Nimekwambia ni kalenda."

"Haya, kalenda," akasema, kwa sauti ya mtu aliyekubali asichokielewa.

Mwanangu, ni baba yako, sitakuandikia mengi, nawe usiione aibu, wewe ni muuguzi. Nitasema hivi tu. Taa ilipozimwa, zile nyeupe ziliwaka kiunoni mwangu kama vimulimuli. Vitu vilivyoundwa kumwambia mwanamume "kaa mbali" vilimwambia mwanamume wa Pwani "karibu ndani". Hata siku alizokaa mbali kwa adabu, alilala mkono wake ukiwa kwenye shanga, vidole vinazizungusha moja moja kama mtu anayevuta tasbihi, mpaka usingizi unampitia. Na vidole vya fundi baiskeli vina nguvu. Kipete kilikuwa kikihama. Mimi asubuhi nakisogeza kutoka pale nilipokikuta, si kutoka pale nilipokiacha. Nikaishi katika siku zangu na mwili wangu ukaishi katika siku zake.

Kabla sijajua hayo, alinijia Mama Theresia wa jikoni. Alikuwa Mbondei, Mkatoliki wa kuzaliwa, rozari haimtoki shingoni hata akisonga ugali. Akaninong'oneza, "Shoga, Jumamosi nakwenda mjini kuchoma sindano yangu. Twende zetu."

Nikashtuka. "Wewe? Na rozari hiyo?"

"Rozari ni ya Mungu. Mungu ananijua nina watoto sita na mume mlevi. Asiyejua ni Sista, na mimi simwambii."

"Na dereva akituona? Huwa anaegesha pale kliniki."

"Dereva ana siri yake pale pale, humleta mkewe dirisha la pili. Hatasema. Twende, usiwe mjinga."

Nikamwambia, "Mimi nina shanga."

"Haya," akasema, "baki na shanga zako."

Usidhani nilikataa kwa sababu nilizipenda. Nilikataa kwa sababu nilikuwa nimepewa kitu na wakubwa, kimetolewa semina nzima, kimeelezwa kwa picha. Mtu wa darasa la saba akielezwa kitu kwa picha hudhani kimefikiriwa. Nilidhani walioziunda walikuwa wameulizia nyumba zetu zilivyo. Ndilo kosa langu la kwanza, nami nakupa ulibebe sandukuni badala ya sweta: usidhani aliyekupa jibu amewahi kulisikia swali lako.

Nikashika mimba. Mimba yako.

Nilikwenda kwa Sista mwenyewe kumwambia, maana ndiye aliyenipa. Akaniuliza nilizitundika wapi. Nikasema kweli. Akajizuia, akashindwa, akacheka. Kisha akajikaza akaniambia kwa upole, "Njia haina kosa, mama. Kosa ni la mtumiaji." Na tangu hapo, katika kila semina yake, nikawa mfano. "Kuna mama mmoja wa Pwani," alianza hivyo, na watu wanaanza kutabasamu kabla hajafika kiunoni. Siku moja mhudumu mgeni wa wodi alinisimulia mimi mwenyewe kile kisa, tunakunja shuka, yeye ncha hii mimi ncha ile. "Mjinga gani huyo?" akaniuliza.

"Wa Tanga," nikamwambia. Tukaendelea kukunja.

Tumbo lilipokuwa halifichiki tena, nikaenda ofisini kuomba likizo ya uzazi. Bwana wa utumishi alikuwa mtu mstaarabu, mwenye kalamu mfukoni na msalaba mdogo kwenye kola. Akatazama jalada langu, akasikitika. Alisikitika kweli, niliona. Akaniambia likizo yenye mshahara hutolewa mara moja kila miaka mitatu, na mimi bado nilikuwa ndani ya ile miaka ya Athumani.

"Umewahi mno, Mama Athumani," akasema. "Ungepanga."

Soma tena neno hilo, Mejumaa. Mimi nimekuwa nikilisoma tangu siku ile, kila ninapopika, kila ninapofua, na jana uliponisomea kipengele chako nililisikia tena kwa sauti ile ile yenye huruma. Ungepanga. Ndani ya ua ule ule ambamo kidonge kilikuwa dhambi, ambamo daktari aliogopa mlango, ambamo nilipewa shanga na kicheko. Mkono mmoja umeninyang'anya kamba, mkono wa pili unaniuliza kwa nini nimezama. Na wala si watu wawili. Ni ofisi moja, lango moja, mlinzi mmoja.

Unataka kujua nilimjibu nini? Nilisema, "Samahani, bwana."

Basi nikaendelea kufanya kazi. Wale wenzangu wa kufulia, Mungu awalipe, walinibebea mabeseni mpaka siku ambayo hawakuwepo karibu. Ilikuwa Ijumaa. Nilikuwa nanyanyua blanketi lililolowa, na blanketi la hospitali likilowa lina uzito wa maiti. Nikasikia kitu ndani kimeachia. Sikupiga kelele. Nililiweka lile blanketi chini kwanza, vizuri, lisiguse vumbi. Fikiria mtu anavyofundishwa kazi akafundishika.

Dokta alikuwepo. Alikutoa wewe unalia, mzima, umekunja ngumi. Kisha ili damu yangu isimalizike akakikata kizazi akakitoa. Siku ile hakuutazama mlango. Kunipa mapumziko ya miaka michache alihitaji ujasiri ambao hakuwa nao. Kunipa mapumziko ya milele hakuhitaji ruhusa ya mtu. Imani ya mwajiri haikupingana na kisu. Ndivyo uzazi wangu ulivyopangwa hatimaye, bure kabisa, kama ngiri.

Mashuka yangu yalikwenda kufuliwa kule kule. Mama Theresia aliniambia baadaye kwamba alitoka jikoni akaja kuyafua mwenyewe, hakutaka mtu mwingine ayashike, na kwamba akifua alisali na kutukana kwa zamu.

Nilipoweza kusimama wima, mahali pangu palikuwa na mtu. Nilikuwa nimekosekana kazini bila likizo, na kanuni ni kanuni. Lakini walinionea huruma, ndivyo walivyoiita. Wakanirudisha kufua kama kibarua, bila matibabu, bila kitu. Ilipofika Krismasi wakanipa leso na sukari. Nami nikasema ahsante. Nilisema ahsante kwa mikono miwili na goti nimelikunja.

Hapa ndipo ninapojikasirikia mwenyewe, na hasira hii haifuliki. Kuvaa shanga sijuti. Yeyote aliyekuwa katika chumba kile angezivaa. Najuta ile ahsante. Mtu akikuvunjia nyumba akakurudishia mlango, mwanangu, usimshukuru kwa mlango.

Sasa kuna jambo nataka ulisikie kwangu kabla hujalisikia moyoni mwako huko ugenini, ukiwa peke yako na baridi. Utajiuliza: kwa hiyo mimi sikutakiwa? Hapana. Ile mimba sikuitaka. Wewe nilikutaka. Hivyo ni vitu viwili, na watu wenye semina huvichanganya makusudi ili mwanamke afunge mdomo. Akilalamika mimba wanamwonyesha mtoto. Mimi nilikuona ngumi zako nikasema, huyu amekuja kugombana, ni wangu. Lakini ningependa nikutake bila kukaribia kufa. Je, ni kuomba makuu? Ningependa pia kuwa na mwingine baada yako, niliyemchagulia mwaka. Hilo silisemi mbele ya baba yako. Mpaka leo akipita sokoni akaona shanga hugeuza uso, na mimi ndiye niliyevaa, si yeye.

Na usidhani nawasema wa msalaba tu. Shangazi yako alifundisha shule ya Waislamu wenzetu, shule nzuri, yenye kuba la kijani. Mwalimu mwenzake wa kike alipata mimba kabla ya nikahi, akafukuzwa tumbo halijaonekana, kwa ajili ya maadili. Mwalimu wa kiume aliyempa hiyo mimba alisoma dua siku ya wazazi, kwa sauti nzuri sana, watu wakalia. Mimi mwenyewe nilipotoka hospitali na kaka yako mkononi nilimwendea ami yangu, mwalimu wa chuo cha Kurani, nikamuuliza kama kupumzika kuzaa ni dhambi kwetu. Akasema wazee wa zamani walijizuia, hapana ubaya, mumeo akiridhia. Mumeo akiridhia! Niligundua kwamba kila mlango niliopiga hodi kuulizia tumbo langu ulifunguliwa na mwanamume, au na mwanamke aliyeapa kutozaa. Mwenye tumbo alikuwa nje, anangoja kuambiwa apite.

Simgombezi Mungu. Ninaswali, unaniona. Mama Theresia alisali kunishinda mimi na Sista tukiunganishwa. Mtu aamini anachoamini, afunge, asali, akatae kidonge kama hakitaki, nitamheshimu na kumpikia futari. Ninachokataa ni mtu kuamini kwa kutumia mwili wangu. Aamini kwa wake.

Haya. Nisaini, mama?

Jana nikikuna nazi jibu langu lilikuwa ulichane lile karatasi ulitie jikoni, angalau lipikie wali. Kisha nikafikiria waliomaliza chuo pamoja nawe na wanauza vocha. Usiku jibu likawa tofauti, asubuhi likawa tofauti tena. Sasa limetulia, na ni hili: saini.

Utashangaa. Sikiliza. Usiposaini wewe, kile kiti hakitabaki kitupu. Atakikalia mwingine, na huyo mwingine hana mama aliyevaa shanga. Mimi nataka kwenye kiti kile akae mtu anayejua kwa nini mwanamke anaweza kukosa ukuta. Utasema, mama, unanifundisha kuweka saini ya uongo. Hilo nimelipima. Wao waliandika sharti juu ya miili ya watu ambao hawakuwauliza, halafu wakaliita maadili. Wewe mdai wako wa kwanza ni mgonjwa, na kiapo cha uuguzi ulikiapa kabla ya hiki chao. Ukitaka kuwaambia wazi siku ya kwanza kwamba kipengele kile huwezi, waambie, utakuwa umenizidi, nami nitajivunia. Ukitaka kunyamaza na kufanya kazi, nyamaza. Ulimi ni wako.

Ila mwili wako wewe usiuweke chini ya saini hiyo hata siku moja. Ukihitaji kitu, wao hawatakulipia, basi nenda kwa serikali mchana kweupe, na kama dereva wao ameegesha, msabahi. Na wakikufukuza kwa lolote kati ya haya, rudi. Baba yako atalitengeneza gurudumu tena. Sitakuuliza. Ila wasikupe leso ukashukuru.

Nasikia lango. Umerudi, wewe na baba yako mnagombania sanduku. Nimalizie.

Siku moja ataketi mbele yako mwanamke wa huko, sijui wa kabila gani, ana mtoto mgongoni na mwingine mkononi, na kidonda cha ndani ambacho hakijashika. Utampa zile shanga, kwa sababu ndiyo kazi waliyokupa. Atazipima mkononi. Atakuuliza swali ambalo chuoni hawakukufundisha, pengine litakuwa la kuchekesha kweli. Usicheke. Muulize anaishi na nani, analala wapi, nani anazikagua kuta zake. Kisha mwambie, kwa sauti yako ya kawaida, yale Dokta aliyoniambia mimi: kwamba kliniki ya serikali ipo, iko upande gani, na inafunguliwa siku gani.

Na ukimwambia, mwanangu, mtazame yeye. Usitazame mlango.

Mama yako.